Picha za watu kwenye jua la jioni Dodoma: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Picha ya mtu iliyopigwa nje jioni ikitoka vibaya, kamera huwa ya kwanza kulaumiwa. Mara nyingi haina kosa. Mambo yalianza kuharibika kabla kitufe hakijabonyezwa: jua lilikuwa juu mno, au lilikuwa limeshakata, au anayepigwa alisimamishwa ameelekea upande usiofaa. Kwa hiyo hapa tunaanza na kivuli, kisha mahali pa kusimama, na namba za kamera zinafuata nyuma. Chukua picha iliyokuharibikia, tafuta dalili inayofanana nayo hapa chini, na usiruke sehemu ya kwanza hata kama una haraka.

Kwanza, kimo cha jua

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mei na Juni jua huzama karibu saa 12:30 jioni, na hivyo hivyo Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Februari huchelewa hadi kwenye saa 1 kamili. Nusu saa inaonekana ndogo, lakini miadi ya saa 11:30 ambayo Februari inakupa saa moja na nusu ya kazi, Oktoba inakupa saa moja tu, na sehemu yake inaishia kwenye kupaka poda na kumsubiri shangazi aliyesahau viatu.

Jambo la pili ni mwendo wa jua lenyewe. Huku kwetu halitelezi kimshazari kama kwenye nchi zilizo mbali na ikweta. Linashuka karibu wima, nyuzi 14 hadi 15 kila saa. Video nyingi za ughaibuni hufundisha kwamba ukinyoosha mkono na kulaza vidole kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole ni dakika 15. Hapa ukifuata hesabu hiyo utabaki gizani. Kwetu kidole kimoja ni kama dakika 7 au 8, na vidole vinne ni nusu saa. Ziba jua lenyewe kwa kiganja unapopima, usilikodolee macho. Na kama magharibi kuna kilima, pima kuanzia kichwa cha kilima: kilima kinachochukua vidole vitatu kimekula zaidi ya dakika 20 za jua lako, hata kama simu inakwambia machweo bado. Ndiyo maana bonde lililo nyuma ya kilima hufa mapema, wakati nyanda za Bahi, zilizo tambarare, zinakupa jua hadi tone la mwisho.

Kipimo cha tatu, na ndicho tunachokiamini zaidi, ni kivuli cha anayepigwa picha. Kipime kwa hatua au kwa macho:

Kivuli sawa na urefu wake: jua liko nyuzi 45. Rudi ndani, kunywa chai.
Kivuli mara mbili ya urefu wake: nyuzi 27 hivi. Bado kama saa moja na dakika 50 kabla ya machweo. Andaa vifaa, chagua mahali.
Kivuli mara tatu: nyuzi 18. Bado saa moja na robo. Unaweza kuanza.
Kivuli karibu mara sita: nyuzi 10. Bado dakika 40. Hapa ndipo penye picha unazozitaka.

Dalili: macho yamekuwa mashimo, na kivuli cha pua kinashuka hadi mdomoni

Jua bado liko juu. Mfupa wa nyusi unakinga mwanga usifike jichoni, na kivuli cha mtu ukikipima hakifiki mara mbili ya urefu wake. Hutokea zaidi kwenye picha za kabla ya saa 11 jioni.

Dawa ya kweli ni kusubiri. Kama ratiba hairuhusu, tafuta kivuli kizito chenye ukingo ulio wazi. Kwenye kiangazi mbuyu hauna majani, kwa hiyo usihangaike na matawi. Kivuli chako kiko nyuma ya shina. Mbuyu mkubwa unafunika watu wawili au watatu bila shida. Msimamishe mtu upande wa mashariki wa shina, ndani ya kivuli, hatua moja au mbili kutoka kwenye ukingo wake, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Anga ya mashariki itamwangaza usoni kwa upole, na gome la kijivu la mbuyu litakuwa nyuma yake kama pazia.

Mgunga na mkwaju ni mtego. Majani yake madogo yanapitisha jua vipande vipande, na uso unatoka na madoa kama chui. Hakuna namba ya kamera inayoyaondoa, na kuyafuta kwenye kompyuta ni kazi ya usiku kucha. Mtoe mtu chini ya mti, au msaidizi ainue shuka jeupe kati ya matawi na uso.

Dalili: uso mweusi, anga nyuma imetoka vizuri

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Mita ya kamera hukusanya mwanga wa eneo lote na kutafuta wastani. Mtu akilipa jua kisogo, nyuma yake kuna anga inayong'aa mara nyingi kuliko uso. Kamera inaona mwanga ni mwingi, inapunguza, na uso unazama. Uso wenye ngozi nyeusi unazama zaidi kwa sababu tayari unarudisha mwanga kidogo. Kuongeza mwanga kwenye kompyuta baadaye kunasaidia kiasi, lakini vivuli vilivyoinuliwa kwa nguvu hutoka na chembechembe na rangi ya ngozi inakuwa ya matope.

Fanya hivi:

1. Weka kamera kwenye M, yaani namba zote unaweka mwenyewe. Anza na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, apacha (tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) f/2.8, spidi ya shata 1/500 ya sekunde. Ni namba za kuanzia tu, jua likiwa nyuzi 10 hivi nyuma ya mtu.
2. Badilisha upimaji wa mwanga kuwa wa nukta, ile alama yenye kitone kimoja katikati.
3. Mwombe mtu ainue kiganja mbele ya uso wake, kikutazame wewe. Sogea, pima kiganja. Viganja vya watu havipishani sana hata kama ngozi zao zinapishana, na kwa kawaida ni vyeupe kuliko kijivu cha mita kwa stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake).
4. Geuza spidi ya shata mpaka sindano ya mita isome +1. Rudi mahali pako, usiguse tena namba.
5. Piga moja, kuza kwenye shavu. Unataka kuona ngozi ina umbo: mng'ao kwenye kipaji na mfupa wa shavu, na weusi wake halisi pembeni.

Wasiotaka kutumia M wabaki kwenye A au Av, ambako unachagua apacha na kamera inachagua spidi, na waongeze fidia ya mwanga +1 hadi +2. Inafanya kazi, ila kila ukihamisha kamera kidogo na anga kuongezeka, kamera inabadili mawazo.

Kwa kipimo hiki anga nyuma itaungua, yaani itakuwa nyeupe tupu. Ukitaka uso na anga vyote, itabidi uongeze mwanga kwenye uso. Wengi wanakimbilia riflekta, kibao cha kurudisha mwanga, wakati Dodoma imejaa riflekta zisizobebeka: miamba ya itale iliyotapakaa jijini na pembezoni mwake. Tafuta mwamba ambao uso wake wa magharibi unapigwa na jua. Msimamishe mtu mita 2 au 3 upande wa magharibi wa mwamba, autazame, jua likiwa mgongoni kwake. Wewe simama kati yake na mwamba, kando kidogo, usiuzibe. Jiwe hilo la kijivu kilichopauka linarudisha mwanga mpana na laini usoni, na jichoni unaona nukta kubwa ya mwanga badala ya giza. Ukuta mweupe au wa krimu unafanya kazi ile ile. Ukuta wa matofali ya kuchoma haufai, na sababu utaiona kwenye sehemu ya rangi.

Riflekta ya kununua, ya kipenyo cha sentimita 110, inatosha mtu mmoja hadi kifuani. Tumia upande mweupe ukiwa mita 1 hadi 1.5, na wa fedha ukiwa mita 2 au zaidi. Upande wa dhahabu uache kwenye mfuko. Jua la jioni limeshajitia dhahabu lenyewe. Msaidizi aanze kwa kumulika ardhini mbele ya miguu ya mtu mpaka aone doa la mwanga, kisha alipandishe taratibu hadi usoni. Na ashike usawa wa kifua au juu yake. Mwanga unaotoka magotini unawasha chini ya kidevu na matundu ya pua, na mteja anaonekana kama anasimulia hadithi za majini.

Kama hakuna pesa, boksi la televisheni la mita 1 kwa sentimita 70 na foili ya jikoni vinatosha. Ikunje foili kwanza kama unaitupa, ikunjue, kisha ibandike. Mikunjo hiyo ndiyo inayotawanya mwanga. Foili iliyonyooka inatoa mistari mikali usoni.

Dalili: ngozi imepauka, joho jeusi limekuwa la kijivu

Kinyume cha tatizo lililotangulia, na hujitokeza sana kwenye picha za mahafali. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma amevaa joho jeusi, ngozi yake nyeusi, kamera imejaa vitu vya giza. Mita inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, na matokeo yake ni joho la vumbi na uso kama umepakwa majivu. Inawapata pia waliojifunza kupima kwa nukta wakapima moja kwa moja kwenye shavu jeusi na kuweka sindano kwenye sifuri.

Ukipima shavu la ngozi nyeusi sana, sindano iwe -1 hadi -1.5. Ngozi ya maji ya kunde, -0.7 hivi. Au rudi kwenye kiganja, na hesabu hizi hutazihitaji. Usihukumu kwa kioo cha kamera peke yake, maana jioni macho yanazoea giza na kioo kinaonekana kinang'aa kuliko ukweli. Fungua histogramu, ule mchoro wa milima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia: picha ya mhitimu mwenye joho jeusi inapaswa kuwa na mlima mkubwa upande wa kushoto. Mlima ukiwa katikati, umeng'arisha kupita kiasi.

Dalili: kanzu au shela imekuwa karatasi, mishono haionekani

Jua linapiga moja kwa moja kwenye nguo nyeupe wakati wewe umepima uso. Washa onyo la mwanga uliozidi, ile sehemu ya picha inayopepesa nyeusi na nyeupe. Ikipepesa kwenye nguo, punguza theluthi moja ya stopu, piga tena, mpaka ibaki kupepesa kwenye nukta ndogo tu za nywele na mabega. Bibi harusi na bwana harusi mwenye suti nyeusi ni mtihani mgumu zaidi. Hapo mgeuze bibi harusi ili shela iwe upande wa kivuli na suti iwe upande wa jua, kwa sababu suti haiungui. Piga kwa RAW, faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kama JPEG. JPEG ikishapoteza mshono, umepotea.

Dalili: picha nzima ina ukungu, rangi zimefifia

Jua linaingia moja kwa moja kwenye kioo cha lenzi na kurukaruka ndani yake. Angalia kwa mpangilio huu, maana kila hatua ni ya sekunde chache. Lenzi ina mafuta ya kidole au vumbi? Pulizia kwanza, kisha futa. Ukifuta vumbi la Dodoma bila kupulizia unasugua mchanga kwenye kioo. Kuna kichujio cha kukinga lenzi mbele? Kitoe, hasa kile cha bei rahisi. Kofia ya lenzi ya kukinga jua ipo? Ivalishe. Bado? Inua kiganja juu ya lenzi kama mtu anayejikinga jua, ukitazama kwenye kioo cha kamera mpaka ukungu ukatike ghafla, kisha hakikisha vidole havionekani kwenye picha.

Ukishindwa, sogea hatua moja kushoto au kulia, au piga magoti, mpaka jua lijifiche nyuma ya kichwa cha mtu, tawi au ukingo wa mwamba. Hatua moja inabadilisha kila kitu.

Kuna ukungu wa aina nyingine usiotoka kwenye lenzi. Kuanzia Julai hadi Oktoba hewa ina vumbi, na baadhi ya siku moshi wa mashamba yanayosafishwa. Ukipiga kuelekea jua, mbali kote kunakuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Huo unaweza kuupenda. Usipoupenda, geuka upige jua likiwa pembeni, na mweke mtu karibu nawe ili hewa kati yenu iwe fupi. Aprili, baada ya mvua kuosha hewa, tatizo hili halipo.

Dalili: rangi za uso hazieleweki

Hapa pana magonjwa matatu yanayofanana kwa mbali.

Picha imekosa dhahabu, jioni inaonekana kama saa 6 mchana. Mizani ya rangi (WB) iko kwenye otomatiki, na otomatiki imeona unjano ikadhani ni kasoro ikauondoa. Weka alama ya jua, au 5200 hadi 5500 K (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), na iache hapo.

Nywele za dhahabu lakini uso una rangi ya samawati iliyokufa. Mtu amelipa jua kisogo, kwa hiyo uso wake hauangazwi na jua. Unaangazwa na anga ya mashariki, ambayo ni ya bluu. Alama ya wingu au 6000 hadi 6500 K inapasha joto uso, ila nywele nazo zinakwenda kwenye rangi ya chungwa. Ukizidi hapo, rudisha mwanga wa jua usoni kwa riflekta nyeupe ili pande zote mbili ziwe na chanzo kimoja.

Kidevu chekundu au shavu la kijani. Ardhi nyekundu, ukuta wa matofali ya kuchoma na fensi iliyopakwa rangi vyote ni riflekta, upende usipende. Aliyekaa chini anapata wekundu mwingi kuliko aliyesimama. Tandika shuka jeupe au mfuko mweupe wa salfeti chini, mbele yake, nje ya fremu. Kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo adui ni kijani: mtu akiingia katikati ya mistari majani yanamtupia rangi mashavuni. Mtoe hadi mwisho wa mstari, majani yabaki nyuma yake. Na omba ruhusa ya mwenye shamba kabla hujaingia na kundi la watu na viatu vya visigino.

Dalili: macho yamefinywa, tabasamu la maumivu

Amewekwa uso kwa uso na jua. Mgeuze mwili nyuzi 45 kutoka kwenye jua na umpe kitu cheusi cha kutazama, shina la mti au mlango uliofunguka. Kama lazima atazame upande wa jua, afumbe macho, uhesabu moja, mbili, tatu, afumbue, nawe upige fremu mbili tu. Fremu ya tatu macho yameshaanza kulia. Watoto hawakubali mchezo huu zaidi ya mara nne.

Dalili: nywele na mtandio vimefunika uso

Upepo. Wakati wa kiangazi hapa upepo unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Anayetazama jua linapozama anapigwa kisogoni, na kila kilicholegea kichwani kinakuja mbele. Mgeuze alipe jua kisogo: upepo unampiga usoni, nywele zinarudi nyuma, na mtandio unapepea mahali unapoonekana. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea jua la nyuma katika mji huu. Panda spidi ya shata hadi 1/500 kama kitambaa kinapepea, na beba pini sita za ziada, kwa sababu hakuna anayezikumbuka.

Riflekta kwenye upepo huu ni tanga la jahazi. Msaidizi apige goti moja na aegemeze ukingo wake ardhini au kwenye paja. Stendi ya fleshi itundikwe mfuko wa unga wa kilo 5 uliojazwa mchanga. Stendi isiyo na uzito itaanguka, na huangukia upande wa taa.

Dalili: sikio liko wazi, jicho halipo

Ukali umekosea mahali. Lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili, f/1.8, mtu akiwa mita 2, ina ukanda wa ukali wa sentimita 6 hivi. Mtu akipumua na kuyumba, jicho limetoka. Kwa mtu mmoja nenda f/2.8, kwa wawili f/4, na wawili hao waweke vipaji vyao kwenye mstari mmoja unaolingana na kamera. Kosa la kawaida la picha za wapenzi ni mmoja kumkumbatia mwenzake kwa nyuma kisha mpiga picha akafungua f/1.8: anayekumbatia anageuka kivuli.

Kama lenzi inakwenda mbele na nyuma bila kushika, jua linaingia ndani yake na kamera haioni tofauti ya giza na mwanga. Ikinge kwa kiganja kwa zile sekunde mbili za kutafuta ukali. Tumia nukta moja, ya katikati kwenye kamera za zamani, na uilenge kwenye kope za jicho lililo karibu nawe, mahali penye mpaka mkali kati ya weusi na weupe wa jicho. Shavu laini halina cha kushika.

Dalili: ukanda mweusi chini au juu ya picha ukitumia fleshi

Spidi ya shata imepita kiwango cha fleshi, ambacho kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Shuka hapo. Picha ikiwa na mwanga mwingi, finya apacha hadi f/5.6 au f/8, au weka kichujio cheusi cha stopu 3 na ubaki na f/2.8. Fleshi yenye HSS (uwezo wa kufanya kazi na spidi kubwa za shata) inaruhusu 1/1000 na kuendelea, lakini inapoteza nguvu nyingi, karibu stopu 2, kwa hiyo isogeze hadi mita 1 kutoka usoni. Maoni yetu: kwa jioni za hapa, mwamba wenye jua unashinda fleshi ndogo, na hauishi betri.

Dalili: picha za mwanzo safi, za mwisho zimetikisika

Mwanga ulishuka, wewe hukushuka nao. Kuanzia nusu saa kabla ya machweo angalia namba zako kila dakika 5. Spidi ya shata isiwe chini ya 1/200 kwa mtu anayesimama na 1/500 kwa anayetembea au kucheka. Ikifika hapo, fungua apacha. Apacha ikiisha, panda ISO, 400, 800, 1600, bila woga. Chembechembe za ISO 1600 zinavumilika, mtikisiko hauponi.

Jua likishazama usifunge begi. Una dakika 15 hadi 20 za mwanga laini usio na kivuli, na anga ya magharibi ndiyo taa yako. Sasa mgeuze mtu aitazame magharibi, kinyume na alivyosimama muda wote. Anza na ISO 800, f/2, 1/250, na upandishe ISO kadri mwanga unavyoshuka. Wengi hukosa picha bora za siku kwa sababu wanaendelea kumpiga mtu akiwa amelipa machweo kisogo, wakati nyuma yake hakuna tena jua la kung'arisha nywele.

Na dakika hizo zilindwe. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na kamera kubwa yenye stendi ya taa karibu na jengo la serikali, kambi au stesheni itamleta mlinzi kuuliza. Ruhusa itafutwe siku moja kabla. Robo saa ya kujieleza getini ni robo saa ile ile ya jua.

Wenye simu

Ukungu na mistari ya mwanga: ni mafuta ya mfukoni kwenye kioo. Futa kwa kitambaa cha pamba kabla ya kila mkao, si mara moja kwa jioni.

Uso mweusi: bonyeza na ushikilie juu ya uso mpaka ukali na mwanga vijifunge, kisha telezesha kidole juu kuongeza mwanga kidogo. Usipofunga, simu inajirekebisha kila mtu anapohama.

Nywele zimekatwa kama kwa mkasi: ni hali ya kufifisha nyuma, nayo inachanganyikiwa na afro na rasta zenye jua kwa nyuma. Izime. Msogeze mtu mita 5 au zaidi kutoka kwenye kilicho nyuma yake na utumie lenzi ya mara 2 kama simu inayo ya kweli.

Ngozi imekuwa plastiki, nyeupe kuliko ya mwenyewe: zima kila kitu chenye jina la urembo, kwenye kamera na kwenye programu ya kutuma picha.

Imeharibika ilipofika kwa mteja: WhatsApp imeibana. Itume kama hati, siyo kama picha.

Dalili: madoa ya kijivu angani, mahali pale pale kwenye kila picha

Vumbi kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Linaonekana zaidi ukifinya apacha hadi f/11 au f/16, na ndivyo linavyothibitishwa: piga anga tupu kwa f/16, tazama. Likiwepo, inamisha kamera mdomo chini, fungua njia ya kusafisha sensa kwenye menyu, pulizia kwa pampu ya mpira bila kugusa. Usipulize kwa mdomo, mate ni mabaya kuliko vumbi. Kubadilisha lenzi kufanyike ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, au mgongo ukiupa upepo na kamera ikiwa ndani ya begi, lenzi ya pili tayari imefunguliwa kifuniko mkononi. Mwezi wa Agosti, bora uondoke nyumbani na lenzi moja na urudi nayo.